Pingamizi la Bwana Muhuri

Wazee wawili walioketi sebuleni siku ile hawakuwahi kukubaliana juu ya kitu chochote, lakini juu ya hili walikubaliana kabla hata chai haijamiminwa: watoto wao wasioane.

Mmoja alikuwa mwenye nyumba, msajili wa ndoa wa wilaya, mtu ambaye mji mzima unamwita Bwana Muhuri. Wa pili alikuwa kinyozi wa karibu na soko. Binti mkubwa wa msajili alikuwa amependana na kijana wa kinyozi, fundi wa friji, ambaye kwa ajili ya kazi yake watu humwita Baridi. Huyu wa dini hii, yule wa dini ile. Dini ya nani ni ipi sitasema. Nikikuambia utachagua upande, na ukishachagua upande hutanisikiliza tena, nakujua.

"Wangu nimemwambia," alisema kinyozi. "Nimemuuliza, wasichana wa dini yetu wamekwisha mji huu? Akanijibu hajafanya sensa."

"Afadhali wako anajibu. Huyu wangu namwambia neno, ananiuliza, 'Baba, umemaliza?'"

"Basi mmoja abadili dini, yaishe."

"Nani abadili?"

"Binti. Si ndiye anayeolewa?"

Msajili akaweka kikombe chini. "Kijana ndiye aliyekuja kubisha hodi kwangu. Anayebisha hodi ndiye anayevua viatu."

Nusura makubaliano yavunjike hapo hapo. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa jikoni pamoja na binti mwenyewe, akakohoa kile kikohozi chake cha kuwakumbusha watu kwamba ukuta ule ni mwembamba. Wazee wakarudi kwenye hoja.

"Wasipobadili hakuna wa kuwafungisha," alisema kinyozi. "Kwetu haiwezekani. Kwenu je?"

"Kwetu ndiyo kabisa. Hata mlangoni hawasogei."

"Basi wamekwama." Kinyozi akanywa chai kwa raha. Kisha raha ikamtoka. "Ila wanaweza kwenda serikalini."

"Waende."

"Waende vipi, na serikalini penyewe ni kwako?"

"Waende tu. Ile si ndoa," alisema msajili. "Ile ni karatasi na muhuri. Mimi ndiye ninayezifungisha, nani ajue kuliko mimi? Ndoa ni mbele ya Mungu. Harusi ya namna ile mimi sikanyagi, na atakayekwenda huko asiseme ana baba."

Aliyasema kwa sauti ya kufika jikoni, kwa sababu yalikusudiwa kufika jikoni. Binti aliendelea kufuta sahani iliyokwisha kukauka zamani. Mama yake alimtazama, akamnyang'anya ile sahani, akaiweka kabatini.

Kinyozi alikwenda zake amefurahi. Na kinyozi, jamani, ni mtu anayeshinda kutwa ameshika vichwa vya wanaume, wote wametulia na wembe shingoni, hawana pa kukimbilia. Neno likimfika huyo limefika.

* * *

Ofisi ya msajili ilikuwa na meza, saa ya ukutani, picha ya mkuu wa nchi na viti vitatu: cha bwana, cha bibi na cha serikali. Zamani palikuwa na kalenda mbili, kila moja zawadi kutoka nyumba yake ya ibada. Aliziondoa zote mbili alipogundua kuwa watu wakiingia, kitu cha kwanza wanaangalia kalenda yao imetundikwa upande gani. Ukuta ukabaki na alama mbili nyeupe. Wachumba waliotaka kusali kabla ya kutia sahihi aliwaambia wasali nje kwenye benchi, wakimaliza waingie.

"Serikali haina dini," alikuwa akisema. "Wenye dini ni nyinyi. Hata mimi ninayo, ila humu ndani siingii nayo."

Nyuma ya mlango palikuwa na msumari, na kwenye msumari koti jeusi lililopungukiwa kifungo kimoja. Alilivaa kila alipofungisha ndoa, hata jua liwe kali namna gani, na ndoa ikiisha alilivua. Ukimsalimu kwa salamu ya dini yake akiwa ndani ya lile koti, alikujibu, "Habari za kazi." Kwa mambo haya alikuwa na sifa nzuri wilayani, na mwenyewe alijua kuwa anayo.

Wiki iliyofuata binti alifika pale na Baridi, wakapanga foleni. Mhudumu wa ofisi, mama mmoja aliyemjua binti tangu anavaa sare za shule, alitaka kuwapitisha mbele. Binti akakataa.

"Anayefuata!" aliita msajili bila kuinua kichwa. Kisha akakiinua.

"Hukuniambia nyumbani kama unakuja huku," alisema.

"Nyumbani hatuongei, baba. Nimekuja ofisini."

Msajili akainuka, akaenda nyuma ya mlango, akavaa koti. Kuandikisha tu hakudai koti, na mhudumu aliliona hilo, lakini si kila unaloliona unalisema.

"Jina kamili."

Binti akataja. Msajili akaandika kama mtu anayelisikia mara ya kwanza, jina alilolichagua mwenyewe akagombana na wakwe kwa ajili yake.

"Kazi."

"Muuguzi."

"Jina la baba."

"Unalijua."

"Sharti litoke mdomoni mwa mwombaji."

Binti akalitaja.

"Baba yuko hai au amefariki?"

Binti akafikiri. "Yuko hai," alisema. "Ila tangu wiki iliyopita hanisemeshi, kwa hiyo sina hakika sana."

Baridi akaangua kicheko. Koti likamtazama, naye akakigeuza kicheko kuwa mafua.

Maswali yalipokwisha, msajili aliweka kalamu chini na kusema polepole, "Wilaya ya jirani hawana foleni. Msajili wa kule ni kijana, hana maneno mengi. Mnakwenda, mnafungishwa, mnarudi, hakuna anayewajua. Mbona msiende huko?"

"Nataka hapa."

"Kwa nini?"

"Hilo swali la fomu?"

"Si la fomu."

"Basi sijibu."

Akawaeleza anavyowaeleza wote: tangazo litakaa ubaoni wiki tatu, na mwenye pingamizi aje aliseme kwa mdomo wake mbele ya msajili. Alitoka akalibandika mwenyewe. Matangazo ya wengine huyashika kwa pini mbili za juu. Hili alilishika pembe zote, na mhudumu hakumuuliza kama anataka lionekane au anataka lisitoroke.

* * *

Ulimi uliponza kichwa. Kinyozi aliwaambia wateja, wateja wakawaambia wake zao, wake zao wakatazamana na waume zao kwa jicho jipya. Msajili mwenyewe kasema: ndoa ya serikali si ndoa, ni karatasi.

Asubuhi moja msajili alikuta benchi limejaa. Wa kwanza walikuwa mzee na bibi yake, watu walioishi pamoja mpaka wakafanana sura.

"Tumekuja kuuliza kama turudie," alisema mzee.

"Mrudie nini?"

"Ndoa. Tumesikia ile haipo."

"Ipo. Mna ndoa, nendeni nyumbani."

"Ngoja kwanza," alisema bibi. "Kama haipo, mimi kuna mambo nataka yarekebishwe kabla hatujaanza upya."

Walikuwa hawajatoka, simu ikalia. Alikuwa mkurugenzi.

"Nasikia umefuta ndoa za wilaya nzima," alisema mkurugenzi.

"Sijafuta, mkuu."

"Kuna mtu kapiga hapa anauliza kama atarudishiwa ada."

"Lilikuwa neno la nyumbani, mkuu. Nililisema sebuleni kwangu."

"Sebule yako ina watu wengi sana," alisema mkurugenzi, akakata.

Wa mwisho kwenye benchi alikuwa mwanamke wa makamo, mfua nguo, mikono imekunjamana kwa sabuni. Hakuketi kwenye kiti cha bibi. Alisimama.

"Wewe ndiye uliyetufungisha ndoa mimi na dereva wa lori," alisema. "Niambie mimi ni nani wake."

"Mke wake."

"Kwa serikali au kwa kweli?"

Msajili akafungua daftari la ndoa.

"Maana juzi karudi safari," alisema mwanamke, "kanikuta nimechelewa kupika. Akasema, 'Wewe si mke wangu, hata Bwana Muhuri kasema.' Kanitolea godoro nje. Nimelala kwa jirani na watoto. Sijakuja kulia hapa. Nataka unijibu tu, nijue narudi kwangu au nakwenda kutafuta chumba."

Kumbe alikuwa analia, ila alikuwa hajagundua. Msajili aliona aibu, aibu ile ya kweli ambayo inaanzia masikioni. Maneno aliyoyarusha sebuleni ili yamfike mwanawe yalikuwa yamepita dirishani na kumwangukia mtu asiyemjua. Akachukua koti msumarini. Mhudumu akashangaa: koti lile halijawahi kutoka nje ya ofisi.

Walikuta godoro bado limeegemea ukuta wa nje, kuku wawili wamekaa juu yake. Majirani walisogea, kila mmoja na kisingizio chake, huyu anafagia, yule anatafuta ndala. Dereva alitoka amevaa fulana.

"Huyu ni mkeo," alisema msajili. "Rudisha godoro ndani."

"Mke kwa nani?" alisema dereva. "Mimi nina dini yangu na yeye ana yake, hakuna aliyetubariki. Mbele ya Mungu huyu ni mke wangu?"

"Mbele ya Mungu sijui. Sikutumwa na Mungu. Nimetumwa na serikali, na serikali inasema huyu ni mkeo, na kilicho ndani humo nusu ni chake, hata hicho kiti ulichokuwa umekalia."

"Lakini mwenyewe ulisema ni karatasi. Kwani wewe hasa unaamini nini?"

Majirani wakasogea zaidi. Hata yule wa ndala aliacha kutafuta.

"Ninachoamini mimi," alisema msajili, "hakihusiani na godoro."

Dereva alimtazama, akatazama majirani, akaona hakuna hata mmoja aliyekuwa upande wake. Akawafukuza kuku, akabeba godoro. Mlangoni lilikwama, na ilimbidi mkewe amsaidie kulikunja.

* * *

Jioni moja kiongozi wa ibada alikuja nyumbani kwa msajili. Alikuwa mtu mpole, na maneno mazito aliyasema kwa upole ule ule.

"Tumeona tangazo ubaoni," alisema. "Hiyo ndoa utaifungisha kwa mkono wako?"

"Ikifika siku yake, na mimi niko kazini, nitaifungisha."

"Hatukukatazi kazi. Ila mstari wa mbele, pale unapokaa siku zote, tungeomba umpishe mwingine. Kwa muda."

"Muda gani?"

"Muda tu."

Msajili alitikisa kichwa kukubali. Pale mbele alikaa baba yake kabla yake, na mbao za pale zilikuwa zimechukua umbo la mgongo wa ukoo wao. Kiongozi akainuka, akafika mlangoni, akageuka.

"Na kile kibali changu cha serikali cha kufungisha ndoa? Muda wake umepita, nasikia ni wewe unayepitisha."

"Njoo ofisini," alisema msajili. "Hapa ni nyumbani."

Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni tangu mwanzo. Naye alikuwa na yake. Kikundi cha akina mama wa nyumba ya ibada kilimwambia apumzike kidogo na kazi ya kupokea wageni, kwa kuwa uso wake unaonekana umechoka. Uso wake haukuwa umechoka. Alikuwa amewaambia hivyo, wakamjibu kwa huruma kwamba mtu aliyechoka hajijui.

"Kwa mke wa dereva uliyasema vizuri sana," alisema. "Mtaa mzima wameyasikia. Wananipongeza sokoni."

"Ile ilikuwa kazi."

"Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mke wa dereva ni mke, mwanao ni karatasi."

"Yule sikumzaa!" Msajili alipandisha sauti, kisha akakumbuka ukuta na kuishusha. "Ya yule hayanihusu. Huyu ni mwanangu. Naogopa, mama watoto. Siku ya kiama nikiulizwa nani aliwafungisha hawa, niseme nini?"

"Utasema serikali."

Alimtazama mkewe aone kama anacheka. Mkewe hakuwa anacheka.

"Na yeye kwa nini anang'ang'ania hapa?" alisema. "Nimemwambia aende wilaya ya jirani. Anataka kunidhalilisha, ndiyo sababu. Anataka nitie muhuri kwa mkono wangu, mji uone."

"Umemuuliza?"

"Kasema si swali la fomu."

"Muulize tena," alisema mkewe, na akaenda kulala.

* * *

Wiki ya tatu, siku ya kusikiliza mapingamizi, kinyozi alifika mapema amevaa shati la kupigwa pasi. Alikuta msajili yuko ndani ya koti. Mhudumu akaketi pembeni kuwa shahidi, kama sheria inavyotaka.

"Napinga," alisema kinyozi.

"Sababu?"

"Unaijua sababu."

"Sharti itoke mdomoni mwa mpingaji."

"Dini yao si yetu."

"Sheria ina sababu nne," alisema msajili. "Kwamba mmoja wao ana ndoa nyingine, hajafikisha umri, ni ndugu wa damu, au analazimishwa. Kijana wako analazimishwa?"

"Analazimishwa na nani? Mimi ndiye ninayemkataza."

"Dini haimo. Pingamizi limekataliwa."

Kinyozi alimkodolea macho. "Mzee mwenzangu! Si tulikaa kwako? Si tulikunywa chai?"

"Tulikunywa. Anayefuata!"

Hakuna aliyefuata. Benchi lilikuwa tupu. Msajili alisubiri kidogo, kisha akainuka, akavua koti, akalitundika msumarini. Akazunguka meza kwa upande wa wananchi na kumwomba kinyozi ampishe kiti. Kinyozi akapisha. Msajili akaketi, ameelekea kiti kitupu cha serikali.

"Mimi ni baba wa binti," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote. "Napinga. Nimemlea katika dini yangu. Nimemfundisha sala kabla hajajua kuhesabu. Nikifa, nataka anisomee hizo sala nilizomfundisha, na wajukuu zangu wazijue. Sasa sijui kama watazijua. Ndiyo sababu yangu. Sina nyingine."

Mhudumu alishika shavu. Kinyozi alitazama sakafu, kwa sababu ilikuwa ndiyo sababu yake pia na yeye hakuweza kuisema vizuri namna ile.

Msajili akainuka, akavaa koti, akazunguka meza, akaketi.

"Kinyozi hajinyoi," alisema kinyozi taratibu, "na akijinyoa hujikata."

"Leo anajinyoa," alisema msajili. Alikitazama kiti kilichokuwa mbele yake, kile alichotoka kukikalia. "Ofisi imesikia. Sababu ni nzito, lakini haimo katika zile nne. Pingamizi limekataliwa."

"Hata la kwako?"

"Hata la kwangu."

Walitoka pamoja, wakasimama kwenye ngazi. Mwishowe kinyozi alishika kichwa cha mwenzake, akakigeuza kushoto na kulia.

"Nywele zako zimekuwa ndefu," alisema. "Huwezi kwenda harusini hivi."

"Siendi harusini. Niko kazini."

"Njoo hivyo hivyo."

* * *

Siku ya ndoa palikuwa na joto. Msajili, kichwa kimenyolewa vizuri, alichukua koti msumarini, akaanza kulifunga, mkono ukagusa kifungo pale palipokuwa pamepungua kifungo siku zote. Akamtazama mhudumu. Mhudumu akatazama saa.

Mashahidi walikuwa wawili: mama wa binti, na fundi mwenzake Baridi aliyekuja na harufu ya gesi ya friji. Kinyozi hakuingia. Alikaa kwenye benchi, akamwambia kila aliyepita kwamba amekuja kunyoosha miguu tu. Binti alivaa gauni la kawaida la rangi ya maziwa. Alikuwa mzuri, na baba yake aliona kuwa ni mzuri, akashusha macho kwenye karatasi.

Aliyasoma maneno kama anavyoyasoma kwa wote, bila kupunguza wala kuongeza. Alipofika pa kuuliza kama kuna pingamizi, alinyamaza kwa muda ule ule anaowapa wengine. Nje kwenye benchi mtu akakohoa. Wote wakageuka.

"Kikohozi si pingamizi," alisema msajili, akaendelea.

Wakatia sahihi. Akachukua muhuri, akaupiga kwenye wino, akaupiga kwenye karatasi.

"Serikali imewatambua kuwa mume na mke," alisema. "Inawatakia maisha mema."

Baada ya maneno hayo, miaka yote, alikuwa akisema, "Anayefuata!" Alifungua mdomo, lakini neno lililotoka lilikuwa jingine.

"Mbona hukwenda wilaya ya jirani?"

"Hilo la fomu?" aliuliza binti.

"Si la fomu."

Binti alimtazama mama yake, kisha akamtazama yeye. "Kule baba asingekuja," alisema. "Ulisema harusi hii hukanyagi. Nikafikiri, ni wapi nitakapofunga ndoa baba asiweze kukosa kuja? Nikapata hapa tu."

Msajili aliutazama muhuri, wino wake bado mbichi. Akainuka, akaenda nyuma ya mlango kuvua koti. Kifungo kipya kilikuwa kigumu, uzi wake ulikazwa na mtu mwenye nia, na vidole vyake vilishindwa kukifungua. Mkewe akaenda akamfungulia. Akalitundika. Kisha msajili akarudi kwa upande wa wananchi, katika shati lake la mikono mifupi, akasimama mbele ya binti yake.

"Bado napinga," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, wala hakuyafuta. "Usije ukasema nimekubali. Napinga, mwanangu."

"Najua, baba."

"Lakini nimekuja."

"Nimekuona," alisema binti, akamkumbatia, naye akamshika kwa nguvu kama mtu anayezuia kitu kisianguke.

Mlangoni walikwisha kufika wachumba waliofuata, kijana na msichana, ua limechomekwa kwenye mfuko wa shati. Walichungulia ndani, wakaona watu wanalia, wakasita.

"Mama, msajili yupo?" kijana alimuuliza mhudumu.

"Katoka kidogo. Kaeni hapo kwenye benchi na huyo mzee."

"Na yule aliyesimama pale ndani?"

Mhudumu akauvuta mlango.

"Yule ni baba wa bibi harusi," alisema.